Rangi Iliyozama

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule moja ya kutwa Kampala. Mwalimu wetu wa sanaa alitaka tuchapishe karatasi za mawimbi: unadondosha rangi juu ya maji kwenye beseni, unaivuruga taratibu kwa kijiti, kisha unalaza karatasi juu yake ibebe mchoro. Zilikuwa za kufunikia vitabu vya maktaba. Akanikabidhi mchango wa darasa nikanunue rangi.

Dukani nilichagua kwa macho tu. Vichupa sita vya rangi ya maji, nyekundu yake kama pilipili iliyoiva. Siku ya somo nilidondosha ile nyekundu mbele ya wenzangu. Ikashuka polepole kama moshi unaorudi chini, ikalala kwenye sakafu ya beseni. Bluu nayo vivyo hivyo. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

“Hizi zimekorogwa kwa maji, mwanangu,” Mwalimu alisema. “Zikikutana na maji zinarudi kwao.”

Mama yangu ni Mnubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, na Wanubi wengi huzungumza Kiswahili. Jumamosi alinipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwa fundi aliyefahamiana naye. Walisalimiana kwa Kiswahili, kisha Mzee akanigeukia: “Haya, unataka wino wa kazi gani?” Nikamweleza yote, hata ile aibu.

Akachota wino wa mafuta kwa ncha ya kisu, mzito unaonata, akaulainisha kwa mafuta ya taa, tone baada ya tone, mpaka ukaanza kudondoka kijitini bila kujivuta. “Ukiwa mzito utazama vidongevidonge. Ukiwa mwepesi mno utatawanyika, usiuone.” Akadondosha kwenye bakuli la maji. Tone likatanuka, likawa duara pana, likatulia juu. Nakumbuka nilishika mkono wa Mama.

Alinipa mabaki ya rangi tatu: manjano, nyeusi, na nyekundu ya wachapaji inayokaribia zambarau. Hakutaka pesa, aliomba tu aione karatasi moja.

Karatasi ya gazeti ilichanika ikilowa, manila ilistahimili. Nyeusi niliitia mwisho, kidogo sana, maana hufunika wenzake. Kwa nilivyozipenda zile karatasi, nilibaki shuleni jioni nikizitazama kambani, darasa zima likinuka mafuta ya taa.

Siku ya tatu nikampelekea Mzee yake. Akaigusa kwa kidole gumba, kikatoka na weusi kidogo.

“Bado siku moja,” akasema, akaianika juu ya mashine yake.