Chora hewa kwanza: BIM kwenye bustani ya burudani, kwa mfano wa Lindi

Mtu akisikia BIM, yaani modeli ya kompyuta inayobeba umbo na taarifa za kila sehemu ya jengo, hufikiria jengo zuri linalozungushwa kwenye skrini mbele ya mwenye fedha. Kwenye nyumba ya kuishi, picha hiyo inaweza kukuvusha. Kwenye bustani ya burudani haitoshi, kwa sababu vinavyoumiza watu na mifuko hapo ni vile visivyoonekana kwenye picha: hewa anayopita mtoto akiwa amenyoosha mikono, maji yaliyo njiani kati ya pampu na bwawa, foleni ya saa saba mchana, maji ya chumvi yanayopanda chini ya sakafu bahari ikijaa. Hivyo vyote vichorwe kama unavyochora nguzo.

Tuchukue bustani ya kufikirika, kando ya bahari Lindi mjini. Ina miteremko miwili ya maji, mashua za kupita pangoni, na katikati mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, kwa ukubwa wake halisi. Mjusi huyo si wa kukopa. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, humu humu mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, na aliyesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin ana kimo cha mita 13.27. Mtu wa Lindi akitaka kumuona anapanda ndege.

Kazi inaanza kwa mpima ardhi, na hapo ndipo modeli nyingi zinapooza mapema. Lindi iko karibu kabisa na latitudo 10 kusini, kwenye ukanda wa 37 wa UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita. Namba zake za mashariki ni kama 578,000 na za kaskazini kama 8,894,000. Ukizibandika moja kwa moja kwenye Revit, programu ya kuchorea modeli, umeliweka jengo maelfu ya kilomita kutoka kitovu cha ndani cha programu, wakati Revit huanza kuharibu jiometria ukivuka kilomita 16 hivi. Mistari inatetemeka, na mkunjo wa mteremko unaonekana kama umeng'atwa na panya. Weka kitovu kwenye kona moja ya kiwanja, kisha zile namba kubwa zibebwe na mfumo wa pamoja wa kuratibu. Kila mshirika apokee faili moja yenye alama tatu za zege zilizopo kiwanjani, na asiruhusiwe kutuma modeli yake kabla alama zake hazijakaa juu ya hizo.

Angalia pia data ya ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, na GPS inatoa WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali. Tofauti ni takribani mita 300 kwa kaskazini na kusini. Kosa hilo halijifichi, maana bwawa linaonekana limeingia baharini. La kuogopa zaidi ni kimo: kimo ghafi cha GPS na kimo cha usawa wa bahari vinaachana kwa zaidi ya mita 20 kwenye pwani hii, na fundi akirekebisha kwa kukadiria anabaki na kosa la sentimita 30 ambalo hakuna anayeligundua mpaka maji ya mvua yakatae kutoka.

Sasa mjusi. Mchongaji hafanyi kazi kwa Revit, wala usimlazimishe. Huku kusini tuna wachongaji wa Kimakonde wenye mkono wa kutosha kutoa sanamu ya kipimo cha 1 kwa 20, yenye kimo cha sentimita 66 hivi. Mwombe atumie udongo au mti mweupe, asitumie mpingo. Mpingo ni mweusi na unang'aa, na programu ya kuunganisha picha ziwe umbo la kompyuta haioni pa kushika. Kama tayari ameuchonga, upake unga wa chaki. Piga picha 100 hadi 150 kivulini, kila moja ikifunika angalau theluthi mbili ya iliyotangulia, na weka rula pembeni ya sanamu. Bila rula utapata mjusi mzuri asiye na kipimo.

Umbo linalotoka huwa na mamilioni ya pembetatu. Ukiliingiza hivyo kwenye modeli ya pamoja, kompyuta za wote zinalala. Lipunguze mpaka ubaki na pembetatu 50,000 hivi kwa ajili ya modeli ya pamoja. Lile zito libaki kwa mchongaji. Kisha ulikate vipande kila sentimita 50 kuanzia chini, kila kipande kiwe mchoro wa ukubwa halisi unaochapwa na kuhamishiwa kwenye ubao wa marine. Mafundi wanakunja nondo za mm 8 kufuata ubao huo, na kila nondo inabeba namba yake ya kipande. Mashine ya kukunja inayoongozwa na kompyuta ingefanya haraka, lakini ubao na chaki vinafika pale pale.

Kabla ya hapo mhandisi wa miundo anataka uzito, na jibu liko kwenye unene wa ngozi. Chukua ngozi ya mita za mraba 300. Ikiwa ni zege la mm 60, kila mita ya mraba ina kilo 144, na jumla ni tani 43. Ikiwa ni zege la nyuzi za kioo la mm 15, ni kilo 30 kwa mita ya mraba, tani 9. Unene huo uwe kigezo ndani ya modeli, uzito ujihesabu wenyewe, maana mbunifu atabadili mawazo mara tatu. Upepo nao si wa kusahau. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na Hidaya cha Mei 2024 kikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Upepo wa mita 40 kwa sekunde unasukuma karibu kilonewton 1 kwa kila mita ya mraba. Ubavu wa mita za mraba 80 ni kama tani 8 za kusukumwa kwa pembeni, kabla hujazidisha kwa umbo. Kwa hiyo msingi wa mjusi unaongozwa na kupinduka kuliko uzito.

Acha sentimita 15 kati ya chuma cha ndani na ngozi. Mkono wa fundi mwenye kuchomelea lazima uingie, na rangi ya kuzuia kutu lazima ifike nyuma. Hewa hii ya chumvi haisamehi sehemu isiyopakwa.

Kwenye mteremko wa maji na mashua, kitu cha kwanza kuchorwa ni handaki la hewa. Chukua mtu mrefu, si wa wastani. Mkalishe kwenye chombo, mikono juu na pembeni, miguu mbele. Pitisha umbo lake kwenye njia nzima kwa hatua za nusu mita, na kwenye mikunjo uliinamishe kama chombo kinavyoinama. Ongeza akiba inayotakiwa na kiwango kilichotajwa kwenye mkataba: EN 13814 au ASTM F2291 kwa vyombo vya michezo, EN 1069 au ASTM F2376 kwa miteremko ya maji. Kinachobaki ni bomba nene lililojipinda. Lihifadhi kama kitu kigumu chenye rangi nyekundu na namba yake, kisha programu ya ukaguzi kama Navisworks au Solibri ikague kila kitu dhidi yake.

Wakati wa ujenzi handaki hilo huwa safi. Linavamiwa baadaye: nguzo ya taa, kamera, bango la mdhamini, tawi. Mkorosho ukiuchora kwa ukubwa wa kupandwa ni kijiti cha mita moja na hauna kosa. Ukikomaa unataka nafasi ya mita 12 kwa 12, kama wakulima wa huku wanavyojua. Miti yote ichorwe ikiwa imekua.

Maji yanahitaji hesabu kidogo. Tuseme mteremko mmoja unataka lita 70 kwa sekunde. Kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde unahitaji bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 211. Bomba la 225 ukiliondolea ukuta wake halifiki, kwa hiyo unachukua 250. Mwenye haraka anaweka 160 kwa sababu ndilo lililopo dukani, maji yanakimbia karibu mita 4 kwa sekunde, na pampu inalia kutwa. Modeli ikiwa na mtiririko kama taarifa ya bomba, si umbo tu, badiliko hilo linawaka jekundu siku hiyo hiyo.

Jambo lisilochorwa kabisa ni maji yaliyo safarini. Lita 70 kwa sekunde, zikichukua sekunde 40 kupanda na kurudi, ni lita 2,800 ambazo hazipo bwawani pampu ikiwa inafanya kazi. Bwawa la mita za mraba 60 linashuka sentimita 4.7 baada ya kuwasha, na midomo ya kuchota juu ya maji inaweza kuanza kuvuta hewa. Umeme ukikatika, zote zinarudi kwa mpigo na kumwagika kwenye njia ya watu. Kwa hiyo chora usawa wa maji mara mbili: pampu imezimwa, pampu imewaka. Ukingo na tenki la akiba vipimwe kwa usawa wote miwili.

Na chini yake kuna maji mengine. Ardhi ya matumbawe inapitisha, hivyo maji ya chini karibu na ufukwe yanapanda na kushuka kwa kufuata bamvua. Sakafu ya zege ya mm 250 ina uzito wa kilonewton 6 kwa mita ya mraba. Maji yakisimama sentimita 60 tu juu ya sehemu yake ya chini, yanailinganisha. Yakizidi, bwawa tupu linaanza kuinuka kama ngalawa. Chimba mashimo matatu ya kupimia, soma vimo kwa wiki mbili ili bamvua na maji mafu vyote vipite, kisha weka usawa wa juu kabisa kama tabaka la bluu kwenye modeli. Ratiba ya 4D, yaani modeli iliyofungwa na tarehe za ujenzi, ioneshe pia ni wiki zipi bwawa litakuwa tupu, na zisiangukie msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili.

Chumba cha pampu huchorwa vizuri na kujengwa vibaya. Chujio la kipenyo cha mita 1.8 haliingii kwenye mlango wa sentimita 90, na mara nyingi hilo linagunduliwa zege la dari likiwa limeshamwagwa. Chora njia ya kulitoa kama unavyochora handaki la mteremko, kutoka linapokaa mpaka kwenye gari.

Foleni kwa ufupi: mashua ya watu 12 kila sekunde 90 inabeba 480 kwa saa. Foleni ya nusu saa ni watu 240, na wakipangwa wawili wawili kwa sentimita 60 ni mita 72 za njia. Mita hizo zote zinataka kivuli, na kivuli kina nguzo, na nguzo zina misingi inayogombana na lile bomba la 250.

Kuhusu ukaguzi wa migongano, yaani vitu vinavyoingiliana ndani ya modeli, ukiuendesha bila kuchagua utapata maelfu, nusu yake ni nondo kugusa nondo. Panga makundi: handaki la hewa dhidi ya vyote, kwa uvumilivu wa sifuri; mabomba dhidi ya misingi, mm 50; ngozi dhidi ya chuma, mm 150. Kila mgongano uwe na mwenye dhamana na tarehe, utumwe kwa faili la BCF, la kupashana migongano kati ya programu, badala ya picha za WhatsApp zinazopotea. Modeli zigawanywe kwa eneo, na za uzito zipandishwe usiku.

Vipande vya kutoka nje vitaingia kwa kontena bandarini Mtwara. Ndani ya kontena la futi 40 kuna urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.35, kwa hiyo weka kichujio kinachokamata kipande chochote kinachozidi mita 11.8 kwa 2.25 kabla hakijaagizwa.

Bolti za msingi zikishazikwa, zipimwe upya kwa total stesheni, kifaa cha mpima ardhi, kabla zege halijatimiza wiki, na namba halisi zirudi kwenye modeli na kwa mtengenezaji. Akikata sahani za chuma kwa kufuata mchoro, mafundi watapanua matundu kwa moto, na tabaka la zinki la kuzuia kutu linaishia hapo. Vali nayo iwe na jina moja kila mahali: V-07 kwenye modeli, V-07 kwenye bamba lililofungwa kwa waya usioshika kutu, V-07 kwenye daftari la zamu la kijana anayefungua maji saa mbili asubuhi.