Tuzo yangu ilivyotenguliwa na mgogoro ukaanza kusikilizwa upya

Siku ya kusikilizwa mgogoro wangu wa kuachishwa kazi, mwajiri wangu hakutokea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), chombo cha kushughulikia migogoro ya kazi Tanzania, nikatoa ushahidi peke yangu, nikapata tuzo ya upande mmoja, yaani uamuzi wa Tume uliotolewa mwajiri akiwa hayupo. Nikiwa naandaa maombi ya kuikazia (kulazimisha itekelezwe) Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, nikaletewa maombi yao ya kuitengua. Mwakilishi wao alikuwa amelazwa siku ile na karatasi za hospitali wameziambatanisha. Niliwasilisha kiapo kinzani, yaani maelezo ya kiapo ya kuwapinga, lakini tuzo ikatenguliwa.

Nikamuuliza katibu wa chama chetu cha wafanyakazi: mwamuzi aliyekwisha kuamua anaanzaje tena?

“Ndugu yangu,” akasema, “tuzo ikitenguliwa, hakuna uamuzi. Mgogoro wako bado uko mezani kwao.”

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inairuhusu Tume kubatilisha uamuzi uliotolewa upande mmoja ukiwa haupo, mradi upande huo uoneshe sababu za msingi. Nilitaka kukimbilia Mahakama Kuu kuomba marejeo, yaani mahakama iupitie uamuzi huo wa kutengua, katibu akanizuia: uamuzi mdogo usiomaliza mgogoro haufanyiwi marejeo.

Fomu mpya sikujaza. Wapo wanaoingiwa na hofu kwamba siku 30 za kufungua mgogoro wa kuachishwa kazi zimeshapita, wakati fomu CMA F.1 ya mwanzo, ile ya kufungulia mgogoro, ndiyo inayoendelea. Ushahidi ndio unaoanza moja. Niliapa tena, na barua ya kuachishwa na hati za mshahara nikazitoa tena kama vielelezo.

Safari hii walianza wao, kwa sababu ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Ofisa utumishi wao akasimulia kikao cha nidhamu kwa kujiamini kabisa. Zamu yangu ya kuhoji ilipofika nikamwomba atuoneshe barua ya kuniita kwenye kikao hicho. Akapekua faili mpaka jalada la nyuma, akarudia kutoka mwanzo, mwamuzi ameshika kalamu anamsubiri. Barua haikuwemo. Na mara ya kwanza, kwa kweli, sikuwa hata na mtu wa kumuuliza swali hilo.

Tuzo ya pili nayo ikawa yangu, ingawa fidia ilipungua kuliko ya awali. Wiki 6 za kuomba marejeo zikaisha wasiende popote, wakaanza kulipa kwa awamu.