Kwanjula ya kaka inakaribia

Jamani, harusi ya kaka imetushika kweli kweli. Kila Jumapili jioni tunakutana kwa mama, katibu anasoma daftari la ahadi na watu wanajitokeza: huyu anabeba usafiri, yule soda. Nimeona majirani wenye shida zao wakitoa shilingi 10,000 kwa mikono miwili. Mungu awazidishie.

Wifi yetu mtarajiwa ni Muganda wa Masaka, kwa hiyo kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa ukoo wa bibi harusi, inatangulia, nyumbani kwao, kabla ya harusi yenyewe hapa Kampala. Jana mimi na mama tulikuwa sokoni Kikuubo kumchagulia ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, gomesi, lile gauni la Kiganda lenye mshipi. Mama anakunja kitambaa, anakisugua kwa kidole gumba, anarudisha. Hatimaye ikaletwa ya zambarau, mshipi wake unang'aa, akatabasamu. Ssenga ndiye atakayemtambulisha kaka mbele ya ukoo mzima, hawezi kuvaa ya hivi hivi!

Kanzu za wanaume tayari. Sukari, chumvi na sabuni tutanunua siku za mwisho. Bado jogoo wa muko, yaani kaka wa bibi harusi. Mwenye jogoo mkubwa, mwekundu, mwenye afya, tafadhali anitumie ujumbe.