Arobaini kabla ya sitini

Bumu la kwanza, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi wa chuo, lilituingilia Alhamisi moja ya Novemba 2017. Laki tano na elfu kumi kila mmoja, yaani shilingi 8,500 kwa siku, siku 60. Jumamosi asubuhi tulikuwa wanne uani, wote mwaka wa kwanza, kwenye nyumba tuliyopanga Magomeni, Mtwara, tumeshaoga na kuvaa, safari ni kuvuka kwenda Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba. Ulikuwa msimu wa korosho na harufu ya mabibo ilikuwa imejaa mtaa mzima.

Mwalimu akatoka chumbani kwake na kaunta buku, rula na kalamu mbili. Tulimwita hivyo kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha shule ya msingi huko Newala kwa miaka tisa kabla ya kuja chuoni, na sasa alikuwa mwaka wa tatu.

"Wadogo zangu, nipeni saa mbili, halafu nendeni."

Tukavua viatu, tukakaa mkekani chini ya mwembe.

Akaomba autilaini zetu za kozi, zile karatasi za mpango wa mada na majaribio. Kila mhadhiri alikuwa ametugawia yake wiki ya kwanza, nasi tukazikunja na kuzisahau kwenye mabegi. Akazinyoosha kwa kiganja, kisha akachora jedwali: wiki 15 kushuka chini, kozi tano kwenda kulia.

"Kila kozi hapa ina krediti 12. Krediti moja ni saa 10 za kazi. Pigeni hesabu."

Saa 120 kwa kozi moja, 600 kwa kozi tano. Ukigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki. Vipindi vyetu darasani vilikuwa saa 18.

"Hizo 22 zilizobaki hakuna atakayekuja kukudai," alisema. "Ndizo chuo chenyewe."

Kisha akashika kalamu nyekundu na kuanza kujaza maksi za kozi, zile 40 zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho wenye 60. Kazi ya mtu mmoja 10, kazi ya kundi 10, majaribio mawili 10 kila moja. Chuoni kwetu aliyepata chini ya 16 kati ya 40 hakuruhusiwa kufanya mtihani. Tulimtazama akiandika mraba baada ya mraba, na alipomaliza, mstari wa wiki ya sita ulikuwa mwekundu karibu wote: majaribio manne na kazi moja ya kundi. Sisi tulikuwa wiki ya pili. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona hilo, ingawa karatasi zote zilikuwa mikononi mwetu.

"Wiki ya sita haisomwi wiki ya sita. Inasomwa kuanzia ya tatu."

Akaeleza watu wanavyopoteza maksi wakiwa na akili zao timamu. Jina lako linasahaulika kwenye jalada la kazi ya kundi, kwa kuwa hukwenda kuiona ikichapwa. Unakabidhi kazi bila kusaini orodha. Unaumwa siku ya jaribio, na cheti cha daktari unakipeleka wiki mbili baadaye. Piga picha ya kila kazi kabla hujaikabidhi, na maksi zikibandikwa zihakiki siku hiyohiyo. Kuhusu madesa, yaani notisi za waliotutangulia, hakuyakataza. Alisema tu tulinganishe tarehe: mhadhiri akibadilika au autilaini ikibadilika, desa la miaka miwili nyuma linakufundisha kozi ambayo haipo tena.

Hapa kwenye GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, ndipo alipokaa sana, na namshukuru. Alama A, kuanzia 70, ina pointi 5. B+ pointi 4. B pointi 3. C pointi 2. Kozi tano za B+ zinakupa 4.0. Mbili kati ya hizo zikishuka hadi C, jumla ni 16, gawa kwa tano: 3.2. Shahada ya daraja la pili la juu inaanzia 3.5, kwa hiyo umeshuka hadi la pili la chini kwa kozi mbili tu. Ukikamata sapu, yaani mtihani wa marudio, ukafaulu, haipandi zaidi ya C. Na mwaka wa kwanza unahesabika sawa na wa tatu, jambo ambalo wengi hulijua wakati hawana tena la kufanya.

Diskasheni alitaka iwe ya watu wasiozidi watano, na kila mtu aje ameshasoma. Mmoja afunge daftari na kueleza mada, wengine wamsikilize anapokwama, kwa kuwa hapo ndipo pa kurudia. Diskasheni ya watu ambao hawajasoma aliiita baraza.

Fedha alizimaliza haraka. Kodi ya miezi sita, sehemu ya kila mmoja, 120,000. Kuchapa na kutoa kopi 30,000. Inabaki 360,000. Nikasema ni 6,000 kwa siku. Akatikisa kichwa.

"Gawa kwa 75. Bumu huchelewa."

Shilingi 4,800. Iache benki, alisema, utoe 33,600 kila Jumatatu, na ukimaliza Ijumaa, kula kwa wenzako mpaka Jumatatu bila kugusa ya wiki inayofuata.

Akachana ule ukurasa, akaupigilia msumari nyuma ya mlango wa sebule. Saa tano ilikuwa imepita. Tulikwenda Msanga Mkuu, kila mmoja na 4,800 mfukoni, na kwenye kivuko hatukuzungumza kingine ila nani aanze kueleza mada ya kwanza Jumatatu jioni.