Banda Lisilokuwa na Jalada

Chumba cha tatu cha banda letu la skuli kiliota mpapai, na mpapai wenyewe ukazaa. Kuta za vyumba vinne zilikuwa zimefika linta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha, paa hakuna, milango hakuna, na mbuzi wa jirani wakija humo kila mchana kujikinga na jua. Hatua thelathini kutoka hapo, kwenye madarasa mazima, watoto wa darasa la pili walikuwa 112 ndani ya chumba kimoja. Hao ni wa mkondo wa asubuhi. Wakitoka, wanaingia wa mchana kukalia vumbi lile lile.

Mimi si mwalimu. Nauza vitambaa na nyuzi sokoni Konde, kaskazini ya Pemba, na wawili katika wanangu bado wanasoma skuli hiyo. Nasimulia hapa jinsi banda lilivyopata paa, kwa sababu wengi wameniuliza tulimjua nani.

Kwetu huku utaratibu ni wa zamani: wananchi wanapandisha kuta, Serikali ya Mapinduzi inamalizia, yaani kuezeka, plasta, sakafu, milango na madirisha. Sisi tulianza mwaka 2013, karafuu zilipokuwa zimezaa vizuri. Kila aliyerudi na pesa kutoka kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, aliacha chochote kwa Sheha, kiongozi wa Serikali hapa mtaani, na asiye na mikarafuu alivunja kokoto. Mama mkwe wangu, ambaye hana hata mkarafuu mmoja, alitoa pishi mbili za mpeta, karafuu zinazodondoka chini, aliokuwa ameokota mashamba ya watu.

Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa michango ya wazazi kwenye skuli za msingi imefutwa. Sina neno na tangazo lile. Elimu bila ya malipo Mzee Karume aliitangaza tarehe 23 Septemba 1964, na michango ilikuwa imejirudisha kidogo kidogo kwa mlango wa uani, mpaka mtoto anarudishwa nyumbani kwa shilingi elfu moja. Lakini watu walilisikia tangazo kwa namna yao. Ukimwomba mtu mfuko mmoja wa saruji anakwambia, "Serikali ishasema bure." Banda likakwama hapo hapo, kwenye linta.

Nilichaguliwa mshika fedha wa kamati ya skuli mwaka 2021. Aliyekuwepo alihamia Unguja, nami siku ya uchaguzi nilichelewa kikaoni, sikuwahi kukataa. Nikakabidhiwa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na risiti za saruji zilizofifia, kaunta buku lililoliwa na mchwa, na ufunguo wa kufuli ambalo mpaka leo hakuna alijuaye. Nikatafuta nakala ya barua ya kuomba kuezekewa banda. Hamna.

Nikamuuliza mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu pale.

"Barua ilikwenda zamani, mama. Kamati ndiyo iliyoandika."

Mwenyekiti wa kamati akasema aliandika Sheha. Sheha akanambia, "Si aliandika yule maalim aliyepita, akaipeleka kwa mkono wake?" Maalim aliyepita amestaafu, yuko Wete anafuga kuku. Nikamfuata huko huko. Alicheka mpaka akaweka chini pakacha la chakula cha kuku. "Bi mkubwa, mimi nilipohamia hapo niliambiwa imeshapelekwa."

Nikaenda ofisi ya elimu ya wilaya. Kijana wa masjala alikuwa mwema, alinitolea jalada la skuli yetu na kulifungua mbele yangu. Mlikuwa na uhamisho wa walimu, ruhusa za uzazi, malalamiko ya choo, hata barua ya mzazi mmoja kuhusu mwalimu aliyemchapa mtoto. Juu ya banda hamkuwa na hata mstari. Kisha akavuta fomu za takwimu, zile ambazo kila skuli inajaza kila mwaka: wanafunzi wangapi, walimu wangapi, vyoo vingapi. Akaweka kidole kwenye mstari wa majengo ambayo hayajamalizika. Imeandikwa "hakuna". Mwaka wa nyuma yake, "hakuna". Wa nyuma yake tena, "hakuna". Mwandiko ni wa skuli yetu na muhuri ni wetu.

Nilitazama fomu zile nikaona haya, kama kwamba nimezijaza mimi. Nadhani kila mwaka mtu alinakili fomu ya mwaka uliopita ili amalize mapema arudi nyumbani. Nasi miaka yote sita tukikaa barazani kuilaumu Serikali kuwa haituezekei, na huku tumeiandikia kwa mkono wetu kwamba hakuna cha kuezeka.

Afisa mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisikiliza kutoka meza ya pili, akanambia yanayotakiwa: waraka wa eneo, ripoti ya mhandisi, na barua ya kamati yenye saini ya Sheha, nakala iende kwa Afisa Mdhamini, yaani mkuu wa Wizara kwa Pemba, Chake Chake. Kisha akaongeza, "Ila mwaka huu umekwisha, mama. Tuko Juni, bajeti inasomwa Chukwani, Baraza la Wawakilishi, wakati huu tunaozungumza. Julai mosi ndio mwaka wa fedha mpya, na maombi ya wilaya yalikusanywa miezi mingi iliyopita." Mimi nilidhani bajeti ni kama duka, unaingia ukiwa na haja.

Nyumbani niliwakuta watu na rai zao. Mmoja alishikilia kuwa tumwendee Mbunge, aliseme Dodoma. Nilimweleza kwamba skuli hizi si jambo la Muungano. Kilicho cha Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania, lile linalosimamia kidato cha nne na cha sita. Darasa la pili la kwetu bajeti yake inapitishwa na Baraza la Wawakilishi. Hakukubali. Mpaka leo anaamini tungeokoa mwaka mzima.

Waraka wa eneo ndio uliotuchosha. Ardhi Zanzibar ni mali ya Serikali, mtu ana haki ya kuitumia, lakini vilivyopandwa juu yake vina mwenyewe. Kiwanja cha banda alikitoa mzee mmoja miaka ya themanini kwa mdomo, mbele ya watu msikitini, kisha akafariki. Warithi watano: watatu wako hapa, mmoja Tanga, mmoja Mombasa. Wanne walisema sawa bila ya maneno. Wa tano, mkubwa wao, alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akanambia, "Baba alitoa uwanja kwa ajili ya Mungu, sikatai. Lakini minazi hakutoa."

Minazi ni miwili, iko nyuma ya chumba cha nne. Nilitaka kucheka, kisha nikaona ana haki. Tukakaa kwa Sheha jioni tatu. Mwishowe ukaandikwa waraka unaosema eneo ni la skuli, na minazi miwili inabaki ya warithi mpaka itakapoanguka yenyewe, kwa sharti kwamba mwenye nazi aziangue kila mara kabla ya skuli kufunguliwa, zisije zikamwangukia mtoto. Wa Mombasa alitupigia simu, tukaiweka sauti ya juu, akakubali mbele ya mashahidi, na saini yake ikaletwa baadaye na jamaa aliyekuja harusini. Hakuna afisa aliyewahi kuniuliza juu ya ile minazi, lakini bila ya kifungu kile tusingepata saini ya tano.

Mhandisi alikuja siku ya mvua. Alizunguka kuta akizigonga na nyundo ndogo, kichwa amekiinamisha kama anayemsikiliza mgonjwa. Vyumba vitatu alivipita. Kwenye cha nne alisimama, akachokoa linta juu ya dirisha, zege likamwagika kama unga wa muhogo. Ndani mna nondo moja tu. "Hii sitii saini," akasema. "Mkiezeka juu ya hii, siku moja mtaokota watoto." Ivunjwe, imiminwe upya. Fundi aliyeimimina mwaka 2014 ni binamu yake mume wangu, na alikuwepo, amesimama nyuma yetu. Hakusema kitu. Alitazama mpapai.

Hapo ndipo mimi nami nikataka kufanya kosa. Skuli ilikuwa na ruzuku ya Serikali kwenye akaunti, nami ni mmoja wa waweka saini. Nikamwambia mwalimu mkuu tutoe humo saruji na nondo, tukipata tutarudisha. Akakataa.

"Ruzuku ina mafungu yake, mama. Chaki, karatasi za mitihani, kutengeneza mlango ulioanguka. Kujenga hamna."

"Kwani hii pesa si ya watoto hawa hawa?"

"Ya watoto. Lakini mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nilikasirika, wallahi. Wiki nzima nikipita skuli bila ya kuingia ofisini kwake. Nilimwona mwoga, mtu wa karatasi. Haukupita mwezi akaja mkaguzi wa ndani, bila ya taarifa, na begi la mgongoni. Alianza na daftari la kupokelea vifaa. Boksi za chaki zilizoandikwa alizihesabu kabatini moja moja, akauliza ilipo moja iliyopungua, mpaka ikapatikana darasa la tano ikiwa nusu. Akaja kwenye shilingi 15,000 za nauli ya kuleta vitabu. Risiti iko wapi? Nikamwambia dereva wa chai maharage, gari zetu za abiria, hatoi risiti. Akanifundisha kuandika hati ya malipo: jina la aliyelipwa, namba ya gari, kazi, kiasi, saini au dole gumba. Siku hizi madereva wa njia yetu wakiniona na mzigo wa skuli wananinyooshea kidole gumba mapema.

Alipokuwa akikunja karatasi zake nilimtazama mwalimu mkuu, naye akanitazama. Hatukusema kitu. Nilimpikia mkate wa kumimina siku ya pili yake, nikaupeleka na mtoto.

Saruji na nondo tulizipata kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, kupitia Mwakilishi. Hilo lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, maana tulikwenda na ripoti ya mhandisi mkononi, inayosema chumba gani, linta ngapi, nondo ngapi. Yule fundi binamu alivunja na kumimina upya bila ya kutaka malipo, siku tatu mfululizo, na nondo zote nne akaniita nizione kabla hajamwaga zege. Mhandisi akarudi, akagonga, akatia saini.

Mwezi wa Novemba mwaka 2021 nilipeleka barua kwa mkono wangu, nakala tatu, na daftari langu mwenyewe ambalo kila aliyepokea alitia jina, tarehe na saini. Fomu ya takwimu iliyofuata niliijaza pamoja na mwalimu mkuu, tukiwa tumekaa benchi moja. Kwenye mstari ule tuliandika: vyumba vinne, kuta zimefika linta. Baada ya hapo kila mwanzo wa mwezi nikipiga simu masjala, si kugombana, kuuliza tu barua yenye namba hii iko meza gani. Kijana yule akawa akiijua sauti yangu, mara nyengine ananijibu kabla sijauliza. Mara moja barua ilikwama wiki tano kwa sababu ukurasa wa pili haukuwa na muhuri. Nikapanda gari nikaenda kuugonga.

Bati zikaja mwaka 2023. Sasa vyumba vyote vinatumika, na wale 112 wa asubuhi wamegawiwa makundi matatu, kila moja na chumba chake. Chumba cha nne hakina madawati, watoto wanakaa juu ya mikeka. Barua ya madawati imeshakwenda, na ina namba.

Siku ya bati nitaisimulia, maana ndiyo iliyonipa jina la Mama Hesabu. Gari lilifika baada ya alasiri, dereva na utingo wamechoka, wanataka kurudi Chake kabla ya magharibi. Karatasi inasema bati 140. Dereva akanipa kalamu. Nikamwambia tuhesabu kwanza. Akasema zimehesabiwa ghalani. Nikawaita watoto wa darasa la sita wakazipanga kumi kumi chini ya minazi ya warithi, tukahesabu, zikawa 138. Tukahesabu tena. 138.

"Mama, mbili tu hizo. Tia saini, nitazileta."

"Zilete, nitie saini."

Aliapa, akapiga simu, akakaa chini, akaomba maji. Sheha alinivuta pembeni akanambia tusije tukawaudhi watu, paa lenyewe tumelingoja miaka minane. Nikamjibu kwamba nikiandika 140 hapa, siku paa likivuja upande mmoja nitakuwa mimi niliyeandika "hakuna".

Gari likaondoka bila ya saini yangu. Siku ya pili kabla ya adhuhuri bati mbili zikaja juu ya gari la watu wa samaki, zimefungwa kwa kamba ya makumbi, zinanuka dagaa. Nikaziweka juu ya nyengine, nikatia saini, nikaandika tarehe na saa, nikadai nakala yangu.