Itifaki imezingatiwa

Jumamosi nilikuwa kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa binti, huko Masaka, Uganda, upande wa bwana harusi. Kanzu, koti juu yake, tumepangwa kwenye hema tukitazamana na wenyeji. Mwenye shughuli mwenyewe hakuruhusiwa kusema lolote! Kusema ni kazi ya omwogezi, msemaji tuliyemkodi, naye alijibizana na msemaji wa wenyeji weee, kana kwamba hawajui tumefuata nini. Akina dada waliovaa gomesi, gauni rasmi la Kiganda, wakaja kupiga magoti na kutusalimu. Barua ya posa ikasomwa. Ssenga, shangazi wa binti, akapita katikati yetu kumtafuta mkwe, akamtoa mbele za watu. Baadaye kaka wa binti akakabidhiwa jogoo wake wa desturi.

Mjomba wangu wa Arua akaninong'oneza, "Mpwa wangu, hawa maharusi si wanajuana tangu chuo? Mbona tunaigiza?" Mimi nilifurahia. Mle ndani ya taratibu kuna utani tele, na ukikwama msemaji anakuokoa.

Kinachonichosha ni urasmi wa ofisini na majukwaani. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ikikosa muhuri, wewe si mkazi, hata kama karani ni jirani yako wa ukuta kwa ukuta. Na mgeni rasmi akichelewa, sote tunaungua juani. Akifika, kila mzungumzaji anataja vyeo, mheshimiwa huyu, mhandisi yule, mpaka pumzi imwishie, ndipo aseme "itifaki imezingatiwa". Jamani, si angeanza na hilo?