Siku Babu Aliponionjesha Mto

Nimezaliwa Korogwe, kwa hiyo nilidhani mto Pangani naujua. Kwetu ni maji ya kahawia yanayopita karibu na mashamba ya mkonge, yakiwa yameshapokea mto Mkomazi, na sisi watoto tulikatazwa kuyasogelea kwa kuogopa mamba.

Desemba 1994, nikiwa na miaka 11, nilipelekwa likizo kwa babu mzaa mama, Pangani mjini. Asubuhi ya pili akanishika mkono hadi mtoni. Sikuutambua. Ulikuwa mpana, pantoni ya kwenda Bweni inaonekana kama kijisanduku, na maji yalikuwa yanarudi yalikotoka.

"Babu, mbona mto unapanda?"

"Bahari inajaa, mjukuu wangu. Tukiwahi itatusukuma hadi shambani."

Yeye akakaa nyuma na kafi, mimi katikati na kifuu cha kukumbia maji. Kando zote mbili ilikuwa mikoko mitupu, mizizi imesimama juu ya tope, kaa wakikimbilia mashimoni kila kafi ilipogonga ubavu wa mtumbwi. Taratibu mikoko ikapungua, minazi ikaanza. Babu akachota maji kwa kiganja.

"Onja."

Chumvi. Tukaenda kipande kingine, nikaonja tena. Chumvi. Babu hakusema kitu.

Tulipofika shambani nilielewa kilichomnyamazisha. Minazi mingi ilikuwa imekatika vichwa, imebaki magogo yaliyosimama. Iliyokuwa hai ilikuwa na makuti ya njano, na chini vidaka vimepukutika, vyeusi, vidogo kama ngumi yangu. Babu akaokota kimoja, akakigeuzageuza.

"Umri wako huo, hapa ndipo nilipokuwa nateka maji ya kupikia." Kisha akanitazama. "Huko kwenu juu, maji mnayafanyaje?"

Aliniuliza kama mtu mzima, nami nikajibu nilichofundishwa darasani: kwamba maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanazuiwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, mengine yanaingia mashambani kumwagilia, na yanayobaki yanapita Hale kuzungusha mitambo ya umeme. Nilijibu kwa fahari. Sikujua kwamba nilikuwa namweleza kilichoua minazi yake: maji ya mto yakipungua nguvu, hakuna cha kuizuia bahari isipande. Nadhani yeye alielewa palepale, maana alikiweka kile kidaka chini polepole, pale pale alipokiokota.

Hatukugeuza. Tukaliacha shamba nyuma, tukapita matete, mto ukawa mwembamba, ndege mdiria mmoja akitutangulia tawi hadi tawi. Nikawa naonja bila kuambiwa. Mara ulimi haukukamata kitu. Ladha ya tope tu, ladha ya nyumbani.

"Babu, haya ya kwetu!"

Akaweka kafi, akajaza kifuu, akanywa chote.

"Jaza dumu," akasema. "Bibi yako ayapikie wali."